Nani Anaruhusiwa Kubatiza? Mwongozo Kamili kwa Wakatoliki wa Malindi na Lamu

Jimbo Katoliki la Malindi lilianzishwa tarehe 2 Juni 2000, likamegwa kutoka Mombasa na Garissa. Kutoka kanisa kuu la Mtakatifu Antoni wa Padua mjini Malindi hadi gati la Mokowe, pa kuvukia kwenda kisiwa cha Lamu, ni safari ya zaidi ya kilomita 200. Ukishafika Lamu, bado mbele kuna Faza, Kizingitini na Kiunga, karibu na mpaka wa Somalia. Vigango, yaani makanisa madogo yaliyo chini ya parokia, vimetawanyika na mapadre ni wachache. Kwa hiyo swali la nani anaruhusiwa kubatiza halikai kwenye darasa la katekesi tu. Linamhusu mama aliyejifungua usiku kisiwani, mtoto anapumua kwa shida, na boti ya kwanza ni alfajiri.

Jibu kwa ufupi: siku za kawaida anayebatiza ni askofu, padre au shemasi. Pale wanapokosekana, askofu anaweza kumteua katekista au mwamini mwingine. Na mtu akiwa katika hatari ya kufa, yeyote anaweza kumbatiza, awe mlei, awe mwanamke, awe hata mtu asiyebatizwa, mradi atumie maji, aseme maneno yanayotakiwa na awe na nia ya kutenda kile ambacho Kanisa hutenda linapobatiza. Haya yote yamo katika kanuni ya 861 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki inayarudia katika namba 1256.

Mlango huo wa mwisho umefunguliwa wazi kwa ajili ya dharura, haukufunguliwa kwa ajili ya haraka. Matatizo mengi ya ubatizo ninayoyasikia yanatokana na watu kuchanganya hayo mawili.

Siku za kawaida: askofu, padre, shemasi

Anza kwa paroko wako. Kubatiza ni mojawapo ya kazi zilizokabidhiwa kwake kwa namna ya pekee (kanuni ya 530), na hata kama mwenyewe hatamwaga maji, yeye ndiye mwenye kujua nani anabatizwa parokiani kwake. Nenda ofisini mapema, ukiwezekana kabla mtoto hajazaliwa. Sheria inawataka wazazi wahakikishe mtoto anabatizwa katika majuma ya kwanza ya maisha yake, na kabla ya hapo wazazi na wasimamizi waandaliwe. Msimamizi awe ametimiza miaka 16, awe Mkatoliki aliyepokea kipaimara na Ekaristi, anayeishi imani yake, na asiwe baba wala mama mzazi wa mtoto. Mmoja anatosha. Wakiwa wawili, wawe mwanamume na mwanamke.

Shemasi anabatiza kwa mamlaka yake mwenyewe kama padre. Wapo waamini wanaonung'unika wakiona shemasi kijana, ambaye bado anangoja upadre, akisimama penye kisima cha ubatizo. Hakuna sababu ya kunung'unika. Tofauti moja tu ikumbukwe: mtu mzima akibatizwa na padre, padre huyohuyo humpa kipaimara papo hapo, ila shemasi hawezi kutoa kipaimara. Na anayebatizwa akiwa na miaka 14 au zaidi, askofu aarifiwe kwanza, ili akitaka ambatize mwenyewe. Ndiyo maana watu wazima wengi hubatizwa Mkesha wa Pasaka, baada ya safari ndefu ya ukatekumeni, yaani kipindi cha mafundisho kabla ya ubatizo.

Malindi na Watamu kuna jambo linalojirudia kila msimu wa wageni. Familia ina padre rafiki yao, labda Mwitaliano aliyekuja mapumzikoni au ndugu anayehudumu Nairobi, nao wanataka abatize mtoto wao. Inawezekana, na ni jambo jema, lakini padre huyo anahitaji ruhusa, kwa sababu nje ya eneo lake hawezi kubatiza kihalali bila idhini, hata akiwabatiza watu wa parokia yake mwenyewe (kanuni ya 862). Mpelekeni kwa paroko siku kadhaa kabla, ajitambulishe, waelewane.

Mahali nako kuna utaratibu. Pa kubatizia ni kanisani, na kwa kawaida mtoto hubatizwa katika kanisa la parokia ya wazazi wake. Wapo wanaoomba ufuoni, hotelini, au katika kile kikanisa cha Wareno kilichoezekwa makuti kando ya bahari mjini Malindi, kwa kuwa Mtakatifu Fransisko Ksaveri alipita mji huu mwaka 1542 akielekea India. Nawaelewa, kwani hata mimi historia hiyo inanigusa. Lakini mtoto anaingizwa katika jumuiya ya watu walio hai, wale watakaomfundisha sala na kumzika bibi yake, na hao hukutana parokiani.

Katekista: anaweza lini?

Katekista wa kigango anaongoza ibada ya Jumapili pasipo padre, anafundisha, anazika. Watu wakimwona hivyo hudhani anaweza kubatiza pia. Hawezi, isipokuwa mambo mawili yakutane: mhudumu wa kawaida hayupo au amezuiwa, na askofu amemteua yeye kwa kazi hiyo. Kuwa katekista peke yake hakumpi ruhusa, na paroko peke yake hamteui. Kanuni hiyohiyo inawahusu masista, mabruda na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo.

Kwa hiyo ukiambiwa kigangoni kwamba mwalimu, yaani katekista, atabatiza, uliza kwa adabu: "Mwalimu, Baba Askofu amekupa idhini?" Mwenye idhini hatachukia. Asiye nayo atashukuru kwa kukumbushwa. Pasipo idhini, subirini padre aje, hata kama mvua zimeharibu barabara na ziara yake imesogezwa mbele. Mtoto mwenye afya njema hapungukiwi na kitu kwa kungoja majuma machache huku wazazi wakiandaliwa.

Je, asiye na idhini akishabatiza? Kama alitumia maji, akasema maneno sahihi na alikuwa na nia ya Kanisa, mtoto amebatizwa kweli na hatabatizwa tena. Alichokosa ni ruhusa, na kosa hilo ni lake, si la mtoto. Nendeni kwa paroko, mwelezeni bila kuficha.

Hapa nawataja pia bibi zetu, kwa heshima zote. Bibi anaona mwanawe ameacha kanisa, wajukuu wana miaka minne na mitano hawajabatizwa, basi anawachukua bafuni na kuwabatiza mwenyewe kimya kimya. Uchungu wake naujua. Lakini watoto hao hawako katika hatari ya kufa, na Kanisa linamtaka angalau mzazi mmoja akubali, tena pawe na tumaini la kweli kwamba mtoto atalelewa katika imani (kanuni ya 868). Akibatiza kwa siri, baadaye huzaliwa vurugu: mtoto anakuja kuomba ubatizo akiwa na miaka kumi na mitano, hakuna anayejua kwamba alikwisha kubatizwa, na hakuna palipoandikwa. Bibi, mlete mwanao kwa padre. Ukishindwa, waombee hao wajukuu na uwafundishe kupiga ishara ya msalaba.

Dharura: hatua kwa hatua

Dharura maana yake ni hatari ya kufa: mtoto njiti anayezidiwa, mgonjwa mahututi, majeruhi wa ajali, mtu aliyeopolewa baharini. Kukosa nauli, sherehe iliyokwisha kupangwa, safari ya Uarabuni au hofu ya jini na husuda havimo.

1. Mpigie padre simu kwanza kama muda upo. Akiwahi, anaweza kumbatiza na kumpa kipaimara pia, hata mtoto mchanga, kwa sababu hatari ya kufa inampa padre yeyote uwezo huo. Kama dakika zinahesabika, usingoje simu ipokelewe.

2. Uliza wazazi. Kama mama yuko macho, neno lake linatosha. Baba au mama anaweza kumbatiza mwanawe mwenyewe, na mara nyingi ndiyo njia bora wodini, kwani hakuna anayebaki na mashaka kuhusu nia. Wasipoweza, abatize Mkatoliki aliye karibu. Asipokuwepo Mkatoliki, Mkristo mwingine. Asipokuwepo, yeyote aliye tayari.

3. Tafuta maji halisi. Ya bomba, ya kisima, ya mvua, ya chupa, ya mto Sabaki, hata ya bahari: chumvi haiharibu ubatizo. Si lazima yawe yamebarikiwa. Maji ya dafu hayafai hata yawe safi namna gani, vivyo hivyo maziwa, soda, juisi na mate. Mwaka 1241 Papa Gregori IX aliandikiwa kutoka Norway kwamba kwa uhaba wa maji watoto wengine walibatizwa kwa pombe. Alijibu kwamba watoto hao hawakubatizwa.

4. Mimina maji juu ya kichwa, mara tatu, yatiririke kwenye ngozi. Kugusa paji la uso kwa kidole chenye unyevu au kupangusa kwa pamba kunaacha shaka. Mtoto akiwa ndani ya mashine ya joto, mwombe muuguzi bomba la sindano lisilo na sindano, na matone machache ya maji yenye uvuguvugu. Kiasi kidogo kinatosha maadamu yanatiririka. Kichwa kikiwa hakifikiki, mimina penye mwili panapofikika, na baadaye umweleze padre jinsi ilivyokuwa.

5. Mkono unapomimina, mdomo wako mwenyewe useme: "(Jina), nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Mtu mmoja afanye yote mawili. Mmoja akimwaga na mwingine akisema, hakuna ubatizo. Kama jina halijapatikana, sema maneno bila jina, ubatizo ni uleule.

6. Kama muda unaruhusu, tangulieni na Nasadiki na mmalizie na Baba Yetu. Kama hauruhusu, maji na maneno yanatosha.

7. Awepo shahidi, angalau mmoja. Kisha andika papo hapo, hata nyuma ya kadi ya kliniki: jina la mtoto, majina ya wazazi, tarehe, saa, mahali, aliyebatiza na aliyeshuhudia.

Mtoto akipona, mshukuruni Mungu na mpelekeni kanisani. Hatamwagiwa maji tena. Padre atakamilisha yale yaliyobaki: kupakwa mafuta ya Krisma, nguo nyeupe, mshumaa uliowashwa kutoka Mshumaa wa Pasaka. Familia nyingine hushangaa, zikadhani ubatizo wa wodini ulikuwa wa muda. Haukuwa wa muda. Mtoto alizaliwa upya palepale kitandani.

Mtu mzima aliye mahututi ni tofauti kidogo, kwa kuwa lazima atake mwenyewe. Inatosha awe na ujuzi kiasi wa kweli kuu za imani, aonyeshe kwa namna yoyote kwamba anataka ubatizo, na aahidi kushika amri za dini akipona (kanuni ya 865). Kutikisa kichwa au kubana mkono kunaonyesha nia. Mkatekumeni aliyepata ajali barabara ya Garsen na kuzimia alikwisha kuonyesha nia yake alipojiandikisha, basi mbatize. Na akifa kabla hujafika na maji, usijilaumu wala usimlaumu yeyote: Kanisa linafundisha kwamba shauku yake ya ubatizo, pamoja na kutubu na kupenda, inampatia wokovu, na anazikwa kama Mkristo.

Mkunga Mwislamu anaweza?

Anaweza. Lamu, ambako mkunga au muuguzi wa zamu mara nyingi ni Mwislamu, hili si jambo la kufikirika. Mama Mkatoliki akimwomba, naye akamwaga maji, akasema maneno na kukusudia kumfanyia mama yule kile anachokitaka Kanisa lake, mtoto amebatizwa. Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Florence ulisema hivyo waziwazi mwaka 1439, na mzizi wa fundisho hilo ni wa zamani zaidi. Katika karne ya tatu Papa Stefano I alikataa kuwabatiza upya waliobatizwa na wazushi, na baadaye Mtakatifu Augustino akawajibu Wadonati, Wakristo wa Afrika Kaskazini waliojitenga na Kanisa, kwamba anayebatiza kwa kweli ni Kristo, mkono wowote utakaomwaga maji. Kwa sababu hiyohiyo, ubatizo wa padre aliyeishi vibaya hauharibiki kwa dhambi zake.

Lakini kuweza si kulazimishwa. Muuguzi yule ana imani na dhamiri yake. Mwombe bila kumsukuma, na akisita, mwambie mama amimine maji mwenyewe, yeye amshikie tu kikombe.

Kuna upande wa pili, nao nausema kwa uzito uleule. Wewe muuguzi Mkatoliki, usimbatize kwa siri mtoto wa jirani yako Mwislamu. Ni kweli sheria inasema mtoto aliye katika hatari ya kufa hubatizwa kihalali hata wazazi wakipinga. Hukumu yangu ni kwamba wodini kwetu asiguse mtu maji ya namna hiyo kisirisiri. Wazazi wamekukabidhi mtoto wao wakiamini utamtibu, na Mungu hashindwi kumpokea mtoto huyo bila wewe kuvunja amana.

Mtoto aliyekwisha kufa

Wafu hawabatizwi. Hili ni gumu kumwambia mama, na haifai kumwambia kwa ukali wala kwa haraka. Mimba ikiharibika na kiumbe kikitoka kikiwa hai, kibatizwe kama inawezekana (kanuni ya 871). Ukiwa na shaka kama yu hai, sema: "Kama u hai, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Ikiwa ni dhahiri amekwisha kufa, weka maji chini na usali na wazazi.

Wasiambiwe kwamba mtoto wao amepotea. Katekisimu, namba 1261, inamkabidhi mtoto huyo kwa huruma ya Mungu, anayetaka watu wote waokolewe, na mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Kitaalimungu iliandika kwa kirefu juu ya tumaini hilo. Askofu anaweza pia kuruhusu mazishi ya Kikanisa kwa mtoto ambaye wazazi walinuia kumbatiza. Ombeni. Wazazi wengi wamewazika watoto wao kimya, bila hata sala moja ya padre, kwa sababu hawakujua kwamba wangeweza kuomba.

Yanayobatilisha ubatizo

Maneno hayachezewi. Mwaka 2020 Idara ya Mafundisho ya Imani, huko Vatikani, ilitamka kwamba ubatizo uliofanywa kwa kusema "Tunakubatiza" ni batili, kwa sababu mhudumu anasema kwa nafsi ya Kristo, hasemi kwa niaba ya kundi. Mwaka huohuo padre mmoja wa Detroit, Marekani, alitazama video ya ubatizo wake wa utotoni, akasikia maneno hayo. Hakuwa amebatizwa, kwa hiyo hakuwa padre. Alipokea sakramenti zote upya. Basi msimamizi, sikiliza. Ukisikia "tunakubatiza", mwambie padre palepale kwa sauti ya chini: "Padre, tafadhali rudia maneno." Kumkatiza huko ni kumsaidia mtoto.

Mwaka 2008 Idara hiyohiyo ilikataa maneno "Muumba, Mkombozi na Mtakasaji" badala ya Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Ubatizo kwa jina la Yesu pekee, kama unavyofanywa katika baadhi ya makanisa, Kanisa Katoliki haliukubali pia. Na hakuna anayejibatiza mwenyewe: Papa Inosenti III alilijibu hilo mwaka 1206.

Aliyebatizwa kwa maji na kwa jina la Utatu katika kanisa la Kianglikana, la Kilutheri, au la Kimethodisti lenye mizizi ya zamani mto Tana, habatizwi tena anapokuja kwetu. Anapokelewa. Aje na cheti chake. Pakibaki shaka ya kweli baada ya uchunguzi, padre humbatiza kwa sharti: "Kama hujabatizwa, nakubatiza..." Sharti hilo lisitumike kwa uvivu wa kutafuta cheti.

Kuandikisha

Aliyebatiza kwa dharura anatakiwa na sheria kumwarifu paroko wa mahali ubatizo ulipofanyika. Kwa hiyo mtoto wa Mpeketoni aliyebatizwa hospitalini kisiwani Lamu huandikwa katika kitabu cha ubatizo cha parokia ya Lamu, hata kama ibada zilizobaki zitakamilishwa kwao. Peleka ile karatasi ya wodini pamoja na shahidi. Shahidi akiwa mbali, ushuhuda wake wa maandishi wenye sahihi utasaidia. Hakikisha jina limeandikwa sawasawa na lilivyo katika cheti cha kuzaliwa, kwa sababu siku ya kipaimara na siku ya ndoa paroko ataomba nakala ya cheti cha ubatizo, na ndoa yenyewe itaandikwa pembeni mwa mstari uleule. Piga picha cheti, uhifadhi namba ya kitabu na ya ukurasa. Karatasi huoza kwa unyevu wa pwani, lakini ukiwa na namba hizo karani wa parokia atalipata jina hata baada ya miaka thelathini.